SAFU YA FUNDI: UPS ya kompyuta, tuulize mashine kwanza, duka baadaye

 

Mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia zaidi ya mara moja. Swali lenyewe ni fupi: "Tumechanga pesa ya kununua UPS ya kompyuta ya kikundi. Tununue ya namna gani?"

Wa kwanza kuuliza ni kikundi kimoja cha wamama wa kuweka akiba na kushona. Wamama hawa wana kompyuta ya mezani waliyopewa, na ndani yake wanaandika majina ya wanachama, akiba ya kila mmoja, na mikopo. Jenereta ya kituo wanakofanyia kazi ilizimika ghafla mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya pili, faili la akiba likakataa kufunguka. Daftari lilikuwepo, kwa hiyo wakakaa siku nne wakiandika upya. Lakini malipo ya wiki mbili za mwisho yalikuwa hayajaingizwa daftarini, na hapo maneno yakaanza: nani alilipa, nani hajalipa, nani anasema kweli. Pesa ikikosa maandishi, hata urafiki wa miaka mingi unaingia mashakani.

Sasa wamechanga tena, kidogo kidogo, kwa kuuza mboga na sabuni. Na hali yetu tunaijua wote. Kutoka kambini ni kwa kibali. Anayetumwa Kasulu hawezi kurudi kesho yake dukani kubadilisha kitu kisichofaa. Ununuzi wetu ni wa mara moja, na pesa ikienda imekwenda. Ndiyo sababu tunataka kueleza jambo hili polepole, hatua kwa hatua, ili kila kikundi, kila shule na kila familia yenye kompyuta iweze kuchagua yenyewe.

UPS ni kitu gani, na si kitu gani

UPS ni kisanduku chenye betri ndani. Unakichomeka kwenye umeme, halafu kompyuta unaichomeka kwenye kisanduku hicho. Umeme ukiwepo, unapita kwenda kwenye kompyuta na huku betri inachajiwa. Umeme ukikatika, UPS inahamia kwenye betri kwa kufumba na kufumbua, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde kwa UPS nyingi, na kompyuta haina habari.

Lakini tusikilizane vizuri hapa, maana wengi wanakosea: UPS si mashine ya kukupa umeme wa kufanyia kazi usiku kucha! UPS inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi yako na kuizima kompyuta kwa adabu. Basi.

Tupige hesabu. UPS nyingi ndogo zina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha 12 kwa 7, unapata wati-saa 84. Kompyuta ya mezani ya kazi za ofisi pamoja na skrini yake bapa hula kama wati 120 hivi. Hesabu ya darasani itasema dakika 42. Lakini betri ya namna hii ikinyonywa haraka haitoi yote iliyo nayo, na UPS yenyewe nayo inakula sehemu yake. Kwa kweli utapata kati ya dakika 10 na 20 betri ikiwa mpya, na pungufu kila mwaka unaopita.

Dakika 10 zinatosha kuhifadhi faili la akiba? Zinatosha sana. Zinatosha kumalizia kuandika barua ya kurasa tano? Hapana. Anayetaka kufanya kazi saa nzima bila umeme asinunue UPS. Huyo anatafuta kompyuta ya kupakata, au mtambo wa sola wenye betri kubwa na inveta.

Jambo la kwanza: mashine yetu inakula wati ngapi?

Kabla ya kumuuliza muuza duka bei, muulize CPU wako. Nyuma ya sanduku la kompyuta, mahali waya wa umeme unapoingia, kuna kisanduku cha chuma ambacho mafundi wanakiita pawa saplai. Juu yake kuna karatasi ya maandishi. Mara nyingine ni lazima ufungue ubavu wa CPU, waya ukiwa umechomolewa, ndipo uione. Tafuta namba yenye herufi W. Tuseme imeandikwa 250W. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho kisanduku kile kinaweza kutoa. Siku za kawaida, mashine ya kuandikia na kupiga hesabu inatumia pungufu ya nusu yake. Lakini sisi tunahesabu kwa kiwango cha juu, ili tuwe salama.

Kisha skrini. Skrini bapa ya inchi 19 hula kama wati 20 hadi 40. Zile skrini za zamani zenye kisogo kirefu kama televisheni ya zamani zinakula zaidi, hata wati 80 au 100.

Kwa wamama wetu hesabu ilikuwa hivi: CPU wati 250, skrini wati 40, jumla wati 290.

Sasa nenda kwenye UPS. Juu ya boksi utaona namba kubwa imeandikwa kwa majivuno: 650VA, 1000VA, 1500VA. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. VA si wati. Mtu anaona 650 anasema, "Ah, kompyuta yangu ni 290, hii inabeba mbili!" Sivyo. Namba inayotuhusu ni ile ndogo, iliyoandikwa pembeni, yenye W. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 au 390 tu. Kama wati hazikuandikwa popote, gawanya VA kwa mbili, na ulichopata ukichukue kama wati. Kwa njia hiyo 650VA inakuwa wati 325, na wamama wetu wenye wati 290 wanaingia.

Je, UPS ya 500VA? Ukigawa kwa mbili unapata wati 250. Ni ndogo. Siku umeme utakapokatika mashine ikiwa na kazi nyingi, UPS itapiga kelele na kuzima palepale, na kompyuta itazimika kana kwamba hakukuwa na kitu. Hapo umenunua filimbi, hukununua kinga.

Na kubwa zaidi je? Ya 1000VA haina ubaya, pesa ikiruhusu. Itakupa nafasi zaidi, na mara nyingi dakika zaidi kwa sababu betri yake ni kubwa au ni mbili. Lakini kumbuka kwamba siku betri zitakapochoka, utanunua mbili badala ya moja.

Jambo la pili: umeme wetu unatoka wapi?

Vitabu vingi vinaeleza UPS kwa watu wenye umeme wa gridi mjini. Sisi wengi tunatumia jenereta, na wengine sola. Hii inabadilisha mambo.

Jenereta ndogo umeme wake hautulii. Mtu akiwasha mashine ya kuchomelea au pampu ya maji, umeme unashuka, kisha unaruka juu. UPS ya bei ya chini kabisa haijui kurekebisha. Kila umeme ukiyumba inakimbilia kwenye betri. Utaisikia inagonga tik-tak, tik-tak mchana kutwa, na jioni betri imekwisha ingawa jenereta ilikuwa inanguruma muda wote. Kumbe betri ilikuwa inaliwa bila ninyi kujua.

Kwa hiyo kwa watu wa jenereta tunasema: tafuteni UPS yenye stabilaiza ndani. Kwenye boksi huandikwa "AVR" au "Line Interactive". Hiyo inainua umeme uliopungua na kushusha uliozidi bila kugusa betri. Tazama pia mahali palipoandikwa "Input". Ukiona volti zinaanzia chini, kwa mfano 140, na kufika karibu 300, hiyo ni mvumilivu. Ukiona zinaanzia 190 au 200, hiyo imezoea mjini, itateseka huku.

Iko namna ya tatu, ambayo huandikwa "Online" au "Double Conversion". Hiyo inapokea umeme na kuutengeneza upya kabisa. Ni nzuri sana, lakini ni ya gharama, inakula umeme wake yenyewe na inatoa joto. Waachieni maabara za hospitali. Kompyuta ya kikundi haiihitaji.

Hata hivyo, AVR inarekebisha volti tu. Haiwezi kurekebisha mwendo wa jenereta. Umeme wetu unatakiwa kucheza mara 50 kwa sekunde, na jenereta iliyochoka inaweza kwenda 46 au 55. UPS ikiona hivyo inaweza kuukataa umeme. Dawa yake iko kwa fundi wa jenereta, dukani haipatikani. Mwombeni aurekebishe mwendo. Na mkiwasha jenereta, subirini dakika chache itulie, ndipo muwashe UPS.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi dukani. Betri ya UPS ikiisha, inahitaji masaa 6 hadi 8 kujaa tena, na ikiwa mpya ni vizuri ichajiwe masaa 8 au zaidi kabla ya kuitegemea. Kama jenereta yenu inawaka masaa matatu kwa siku, betri haitajaa siku hiyo. Na betri ya namna hii ikikaa nusu tupu siku nyingi, inakufa mapema. Basi msiiache iishe. Umeme ukikatika, hifadhi kazi, zima kompyuta, halafu zima na UPS yenyewe kwa kitufe chake. Dakika mbili tu. Usikae ukimalizia mchezo wa karata kwenye skrini eti kwa sababu bado inawaka!

Na ninyi wenye sola: kama kompyuta yenu imechomekwa kwenye inveta yenye betri kubwa ambazo zinahudumia usiku na mchana, basi betri ya akiba mnayo tayari. Msinunue UPS kabla ya kumuuliza fundi wa sola. Tena, inveta za bei ya chini hutoa umeme ambao UPS nyingi huukataa. Mtakuwa mmelipa mara mbili kwa kitu kimoja, na vitu viwili hivyo vigombane.

Jambo la tatu: je, pawa saplai itaikubali UPS?

Hapa tunaomba uvumilivu, kwa sababu ndipo neno "kupatana" linapoingia. UPS inaweza kuwa na wati za kutosha na bado isipatane na kompyuta.

Umeme wa ukutani unapanda na kushuka kama vilima laini. UPS ya bei ya kawaida, inapotumia betri, haiwezi kuchora vilima laini. Inatoa umeme unaopanda na kushuka kama ngazi za nyumba. Kompyuta nyingi za zamani hazijali, zinapanda ngazi bila shida. Lakini kompyuta nyingine mpya, na baadhi ya zile za mtumba zilizotoka Ulaya, zina pawa saplai iliyoandikwa "Active PFC" au "80 PLUS". Baadhi ya hizo zikikutana na ngazi zinazimika palepale, hata kama UPS ina nguvu ya kutosha. Nyingine zinaendelea vizuri. Huwezi kujua kwa kutazama.

Utaitambuaje yako? Ukiona nyuma ya pawa saplai kuna kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230, mara nyingi ni ya zamani, na UPS ya kawaida itafaa. Kama hakuna kiswichi na imeandikwa "Active PFC", kuna njia mbili. Ya kwanza, ukiweza, tafuta UPS iliyoandikwa "Pure Sine Wave". Hiyo inatoa vilima laini, lakini bei yake ni ya juu. Ya pili, chukua ya kawaida yenye wati nyingi zaidi, tuseme mara mbili ya hesabu yako, kisha patana na muuzaji kwamba utaijaribu na mashine yako na atakubali irudi ikishindwa. Mpatane kabla ya kulipa. Baada ya kulipa ni maombi tu.

Kuijaribu ni rahisi. Ikiisha kuchajiwa, washa kompyuta, usifungue kazi yoyote ya maana, halafu zima soketi ya ukutani. Kama kompyuta inaendelea kwa dakika tano, mmepatana. Kama inazimika, hamkupatana, na ni heri kujua leo kuliko siku ya kugawana akiba.

Jambo la nne: volti na plagi

Wapo wenye jamaa Marekani ambao wanataka kutuma msaada. Tunawashukuru. Lakini UPS ya kule msiipokee kwa haraka. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, na wa hapa Tanzania ni 230. UPS iliyotengenezwa kwa volti 120, ukiichomeka hapa, itaungua, na inaweza kuwasha moto. Kile kiswichi chekundu kilichoko kwenye kompyuta, UPS kwa kawaida haina. Soma karatasi ya nyuma. Kama imeandikwa 220, 230 au 240, karibu. Kama imeandikwa 110 au 120 tu, hapana.

Wanaofikiria kurudi nyumbani wasiwe na wasiwasi juu ya volti. Kongo na Burundi umeme ni wa volti 220, karibu sawa na wa hapa, kwa hiyo UPS ya hapa itafanya kazi kule. Tofauti iko kwenye plagi. Hapa tumezoea plagi ya miguu mitatu ya bapa, kule soketi ni za miguu ya mviringo. Adapta inatatua, lakini iwe imara na iwe na sehemu ya waya wa ardhi.

Tazameni pia matundu ya nyuma ya UPS. Nyingine zina soketi kama za ukutani, nyingine zina matundu yanayopokea ule waya mfupi wa kuunganisha CPU na skrini, wenye dume upande mmoja na jike upande wa pili. Kama UPS yenu ni ya matundu hayo, nunueni na waya wake siku hiyohiyo, mmoja wa CPU na mmoja wa skrini. Tunajua UPS nzima imekaa kwenye boksi miezi miwili ikingoja waya.

Vitu visivyochomekwa kwenye UPS

Wamama wetu wana printa ya leza, na walikuwa wanataka kuichomeka pamoja na kompyuta. Hapana! Printa ya leza inapopasha joto inavuta mamia ya wati kwa mara moja, nyingine zinapita elfu moja. Itaiangusha UPS pamoja na kompyuta yenu. Printa ibaki ukutani. Umeme ukikatika, karatasi itangoja. Mashine ya fotokopi vilevile. Pasi, birika la umeme, feni na spika kubwa, hata msizitaje.

UPS nyingine zina soketi za namna mbili: zenye betri, na zenye kinga ya umeme mkali tu. Hizo za pili hazitoi umeme wa betri. Hakikisheni CPU na skrini zote mbili ziko upande wa betri. Skrini ikizimika hutaona pa kubofya ili uhifadhi kazi, hata kama CPU inawaka.

Betri yenyewe: umri, joto na mtumba

Betri ya UPS inaishi miaka 3 hadi 5 mahali penye ubaridi wa nyuzi 25 hivi. Kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri unapungua karibu nusu. Sasa fikirieni chini ya bati, saa nane mchana, kiangazi! Wekeni UPS chini kwenye sakafu safi, mbali na dirisha lenye jua, matundu yake yapate hewa, na msiifunike kitambaa kwa sababu ya vumbi. Vumbi lifutwe, hewa isizibwe.

Kununua ya mtumba si dhambi, lakini jua unachonunua: unanunua kisanduku, betri hesabu kwamba imekufa. Uliza kama betri mpya ya aina hiyo inapatikana, kisha ujumlishe bei zote mbili. Mara nyingi utakuta mpya ingekuwa nafuu. Rahisi inavunja upishi.

Ukinunua mpya, uliza imekaa dukani muda gani. Betri iliyokaa mwaka mzima bila kuchajiwa inakuwa imeanza kufa ndani ya boksi. Hata ninyi, mkiihifadhi bila kuitumia, ichajini kila baada ya miezi mitatu.

Siku ya kubadilisha betri, ile mpya iwe na volti zilezile, ampea-saa zilezile, na ukubwa uleule wa kuingia. Wapo mafundi wanaofunga betri ya gari kwa nje ili UPS idumu masaa mengi. Hatushauri. Chaja ya ndani ni ndogo, haiwezi kuijaza betri ile. Na UPS ndogo imetengenezwa kufanya kazi dakika chache tu, ikiendeshwa masaa inapata joto hadi kuungua. Betri ya gari nayo hutoa gesi inayoweza kulipuka ndani ya chumba kilichofungwa.

Kwa wazazi

Watoto wetu wanapenda kufungua vitu. UPS isifunguliwe na mtoto hata ikiwa imechomolewa ukutani, kwa sababu betri iliyomo inaweza bado kutoa umeme wa volti 230 ndani. Betri iliyokufa nayo isiwe mchezo. Ndani yake kuna tindikali inayochoma ngozi na macho, na kuna madini ya risasi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto, kwa vumbi au kwa mikono isiyonawa, inaharibu ubongo wake, na ubongo ulioharibika hivyo haurudi. Kwa hiyo msivunje betri, msiyeyushe, msitupe kwenye shimo la takataka wala karibu na bomba la maji. Mpeni anayekwenda mjini airudishe kwa wauza betri au wanunuzi wa vyuma chakavu.

Karatasi ya kumpa anayekwenda mjini

Anayetumwa sokoni si lazima awe fundi. Mwandikieni karatasi. Hii ndiyo tuliyowaandikia wamama wale, nanyi mwaweza kuweka namba zenu:

1. Mashine yetu: CPU wati 250, skrini wati 40, jumla wati 290.
2. UPS iwe na wati zisizopungua 325. Soma W, usisome VA peke yake.
3. Iwe ya volti 220 hadi 240.
4. Iandikwe "AVR" au "Line Interactive", na "Input" yake ianzie chini kama 140.
5. Pawa saplai yetu ina kiswichi chekundu, kwa hiyo ya kawaida inatosha.
6. Uliza betri ya ndani ni ampea-saa ngapi, na kama ya kubadilishia inauzwa hapohapo.
7. Waambie waichomeke mbele yako, wawashe taa au kompyuta ya dukani, kisha wachomoe umeme. Hesabu dakika mbili. Kama haijachajiwa, rudi baadaye kabla ya gari kuondoka.
8. Chukua risiti, na waya zake zote.

Na ambaye hana pesa ya UPS?

Asikate tamaa. Kinga ya kwanza ni bure. Unapoandika, bonyeza "Ctrl" na "S" kila baada ya dakika chache. Fanya iwe kama kufumba macho. Kila siku ya kikundi, nakili faili kwenye flashi, na flashi ikae nyumba nyingine. Kila mwisho wa wiki, andika jumla kwenye daftari na watu wawili watie sahihi. Jenereta yenye saa maalumu ya kuzimwa, zimeni kompyuta robo saa kabla.

Na hata mwenye UPS afanye hivyo hivyo. UPS inalinda kazi ya dakika hii. Haiwezi kurudisha flashi iliyopotea, wala kompyuta iliyoibwa, wala faili lililofutwa na mtoto. Wamama wetu tumewaambia waziwazi: UPS itawapa dakika kumi, lakini daftari na sahihi mbili ndizo zitakazowapa amani.

Ndugu wasomaji, kama kikundi chenu kina mashine ambayo namba zake hamzielewi, ziandikeni kwenye kipande cha karatasi kama zilivyo, mtuletee kituoni wakati wa kuchukua gazeti. Tutawajibu katika safu hii. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaeleza namna ya kusafisha vumbi ndani ya CPU bila kuiharibu.

Wasalimieni wa nyumbani. Kwaherini.